Habari ya Mlango wa Kiwanda

Darasa la saba lilikuwa likitengeneza gazeti. Mwalimu wa uraia alitandika karatasi za manila juu ya madawati, akagawa kurasa: hawa michezo, wale hali ya hewa, wengine bei za sokoni. Ukurasa wa mbele alipewa Chiriku, msichana aliyepachikwa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Habari ya mji ilikuwa moja tu: kiwanda cha nguo kilikuwa kimeungua, na washonaji ndani.

Mwalimu alisisitiza kwamba mwandishi haokoti maneno ya barabarani, humtafuta aliyekuwapo. Chiriku hakwenda mbali. Mama yake mdogo alifia kwenye moto ule, na tangu azikwe alikuwa akija nyumbani kila jioni, anakaa kwenye kigoda karibu na jiko na kumtazama dada yake, mama yake Chiriku, akipika. Chakula hakugusa tena. Nywele zake zilinuka moshi, kwa hiyo dirisha liliachwa wazi.

Chiriku akavuta mkeka, akamuuliza moto ulianzaje.

"Ulivyoanza sijui, mwanangu," alisema marehemu. "Ninachojua, mlango ulitiwa kufuli kwa nje. Tuligonga mpaka mikono ikachoka."

"Nani aliufunga?"

"Hufungwa kila siku, tusitoke kabla kazi haijaisha. Andika hivyo hivyo."

Mama mtu aliendelea kukoroga chungu, hakugeuka.

Chiriku akaandika hivyo hivyo. Mwalimu wa uraia alisoma, akavua miwani, akaipeleka karatasi kwa mwalimu mkuu, naye akasema habari haina shahidi. Asubuhi iliyofuata shahidi akaja mwenyewe ofisini, na sare yake ya kazi iliyoungua mabegani. Mwalimu mkuu alimpa pole, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumbishia.

"Nakuamini, dada," alisema. "Lakini mwenye kiwanda ndiye anayetujengea madarasa. Wewe umeshapumzika. Sisi bado tupo."

Gazeti likabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ukurasa wa mbele, Chiriku aliouandika upya kama alivyoagizwa, ulieleza kwamba moto ulitokana na hitilafu ya umeme na kwamba kazi ingerejea karibuni. Chini yake palikuwa na jina la Chiriku kwa wino mwekundu, na wazazi waliopita walimpongeza. Yeye aliinamisha kichwa. Mama mdogo naye alifika kusoma, mstari kwa mstari, kidole chake kikiacha masizi kwenye karatasi.

"Mwandiko wako umetulia," alimwambia. "Ila mimi simo."

Kiwanda kilipofunguliwa tena, mama yake Chiriku aliitwa, akapewa cherehani ya mdogo wake. Nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuwalisha, basi akaenda. Marehemu alimsindikiza, na Chiriku akafuata na begi lake la shule. Washonaji waliingia mmoja mmoja. Mlinzi akavuta mlango, akatia kufuli, na alipogeuka akamwona marehemu.

"Hujambo, dada? Siku nyingi."

"Sijambo."

Marehemu akaketi kizingitini, akaegemeza mgongo mlangoni. Ndani cherehani zilianza kuunguruma.

"Nenda shule, mwanangu," alisema. "Utachelewa."