Jua Limeamkaje?

…na mstari wa mawimbi ya redio unapanda, jamani, unapanda kwenye kioo cha kompyuta, huu si mlima tena ni ukuta, na kidole chake kiko juu ya kitufe cha kutuma tahadhari lakini hakibonyezi, maana mara ya mwisho ulipanda hivi hivi, akabonyeza kwa mbwembwe zote, marubani wakaambiwa redio zao zitakatika angani, kumbe si jua, ni bosi alikuwa jikoni anapasha kiporo kwenye maikrowevu, na darubini yao ya redio, lile dishi kubwa lenye masikio makali kupita kiasi, ikasikia kiporo, yeye akatangaza mlipuko wa jua… toka siku hiyo jina alilopewa na baba yake likafa, anaitwa Kiporo, hata na mlinzi wa getini, "Kiporo, za asubuhi?", naye huitika, afanyeje… "Kiporo! We Kiporo!", bosi huyo, kutoka huko huko jikoni, anataka nini, sijui kiberiti, sijui nini, si amuulize tu, bosi, unapasha chakula?, lakini watamcheka mpaka jioni, na akinyamaza, na kama kweli ni jua, rubani atajikuta juu ya bahari anaita na hakuna anayeitika… mama hamcheki, mama kila asubuhi hupiga simu, na shikamoo ikishaitikiwa huuliza, "Jua limeamkaje, mwanangu?", kama anayemjulia hali mkwe mgonjwa, limeamka salama, mama, na siku nzima huwa nyepesi, kazi gani nyingine hiyo, kulipwa kwa kulisikiliza jua, anaipenda, anaipenda mno… hebu tazama basi, mwanamke, tazama mstari, achana na watu, kiporo hukatika ghafla, maikrowevu ikilia tii mstari unaporomoka, huu hauporomoki, umefika kileleni na sasa unateremka taratibu, kwa mikogo, hauna haraka na mtu, jua hilo, lenyewe, humkosei mtu unayemjulia hali kila siku… "Kiporo, niletee kiberiti niwashe gesi! Umeme wa huku jikoni umekatika toka asubuhi, hata chai sijanywa!"… anacheka peke yake, lakini alishajua, alijua kabla, kwa macho yake mwenyewe, na utamu ndio huo, kidole kiko pale pale, sasa kinashuka kwenye kitufe, kesho mama akiuliza atamwambia jana lilikohoa, mama, nikalisikia, "Nakuja, bosi, ngoja kwanza niwaambie marubani," anajibu Kiporo, na jina lenyewe, ukilisikiliza vizuri, wala si baya…