Kibali Kilichorudishwa

Hayat alifika kwenye dirisha la ubalozi akiwa na swali moja tu, tena aliliuliza kwa tabasamu: kibali chake cha kurejea Amerika kimefika au bado?

Karani aliyekuwa nyuma ya kioo, mwanamke wa makamo aliyeitwa Irène, aliandika jina lake kwenye kompyuta, akasoma, akamtazama, akasoma tena.

"Madamu, kibali chako kilifika zamani. Tulipiga simu kwenye namba uliyoacha. Mwanaume akatujibu kwamba umeamua kubaki Burundi moja kwa moja, hukihitaji tena. Tulipiga mara ya pili, akasema vilevile. Kikarudishwa."

Tabasamu la Hayat lilibaki usoni kwa muda, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Namba ile ilikuwa ya kaka yake Faruk.

Hakuwa mtu wa kufanya mambo ovyo, huyu Hayat. Marehemu mumewe ndiye aliyeshinda bahati nasibu ya visa, wakahamia Amerika na binti yao Raihana. Mume alipofariki huko, Hayat alibaki akifua mashuka ya hospitali na kumsomesha mtoto. Alijua vizuri sheria ya kadi yake ya ukaazi: ukitoka kwa muda mfupi unarudi nayo, lakini ukikaa nje zaidi ya mwaka haikurudishi tena, isipokuwa uwe umeomba kibali cha kurejea kabla hujaondoka. Kwa hiyo habari zilipomfikia kwamba mama yake, Bi Mwanasiti, amepigwa kiharusi, hakukimbilia ndege kwanza. Aliomba kibali, akatoa alama za vidole, akaagiza kitumwe Bujumbura. Akamwacha Raihana kwa rafiki yake Consolée, Mkongomani waliyekuwa wakikaa naye jengo moja. Kwenye nafasi ya simu aliandika namba ya kaka yake, maana namba yake ya Amerika isingeshika huku.

Tangu hapo alikuwa Mutakura, mtaa wa mama yake, anamgeuza mama kitandani, anamwosha, anamlisha uji kwa kijiko, anamshika mkono ajifunze upya kutembea kutoka chumbani hadi uani. Na kila alipomwuliza Faruk, jibu lilikuwa hilohilo.

"Bado, dada. Hawa watu wa ambasade mambo yao polepole. Vumilia."

Alivumilia hadi mwaka ukapita.

Kutoka ubalozini alikwenda moja kwa moja mtaa wa Buyenzi, kwenye duka la kaka yake la vipuri vya magari. Faruk alikuwa anamwonyesha mteja pampu ya mafuta. Alipouona uso wa dada yake aliiweka pampu chini.

"We ndo ulisema nabaki?" Hayat aliuliza.

Mteja aliaga bila kununua.

"Ingia ndani tuongee," Faruk alisema.

"Nitaongea hapahapa. We ndo ulisema?"

Faruk alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ingawa haikuwa na grisi. "Mama aliniomba," alisema mwishowe. "Alilia mbele yangu, Hayat. Alisema ukienda hatakuona tena. Mi ningefanya nini?"

"Ungeniambia! Kila mwezi nakuuliza, kila mwezi unaniangalia machoni, unasema bado."

"Na nani angemuosha? Muke wangu ana mugongo mubovu, unajua."

Hapo ndipo Hayat alipoelewa kwamba machozi ya mama yalikuwa nusu tu ya habari.

Nyumbani alimkuta Bi Mwanasiti ameketi kwenye kiti chake uani, mkono mbovu umelala mapajani. Kiharusi kilikuwa kimeuvuta mdomo wake upande mmoja, lakini maneno yalikuwa yamerudi. Hayat hakumpa hata salamu.

"Mama, ni kweli ulimwambia Faruk anifungie njia?"

Mama alimtazama machoni. Hakuona haya, na hilo ndilo lililomuuma Hayat kuliko yote.

"Ni kweli. Nimezaa watoto watano, nimebaki na wawili. Faruk ni mwanaume, hawezi kunivua nguo. Nilitaka wewe unifunge macho siku nikifa."

"Na Raihana je? Yeye hana mama?"

"Raihana ni mukubwa."

"Ana miaka kumi na saba, Mama!"

"Mi nilikuwa na mutoto kwenye umri huo," alisema Bi Mwanasiti, akageuza uso kutazama kuku wa jirani.

Hayat aliingia chumbani, akakaa sakafuni nyuma ya mlango. Hakulia. Alikuwa akikumbuka mikono yake mwenyewe: namna alivyompaka mama mafuta ya nazi mgongoni asipate vidonda, na mama akimwambia, Mungu akubariki mwanangu, huku akijua.

Alirudi kwa Irène. Karani yule alimweleza kwamba njia zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni visa ya matembezi: Hayat aikabidhi kadi, atie saini kwamba yeye si mkaazi tena, kisha aombe kama mgeni yeyote. Akiipata atamwona binti yake muda mfupi, halafu atarudi. Ya pili ni visa ya mkaazi anayerejea. Hiyo ni ngumu. Lazima aonyeshe kwamba aliondoka akiwa na nia ya kurudi, na kwamba kuchelewa kwake hakukutokana na matakwa yake.

"Aliyejibu simu anaweza kuja kusema ukweli?" Irène aliuliza. "Ingekusaidia sana."

Faruk alipoambiwa alikuna kidevu. "Chukua ya matembezi, dada. Haina maneno mengi. Utamsalimia mutoto, utarudi."

"Kadi yangu niirudishe kwa mkono wangu? Ndiyo unachotaka?"

"Sikusema hivyo."

"Basi njoo useme ukweli. Sikuombi kingine."

Alikubali. Alikubali mbele ya mama, mkono kifuani, akasema inshallah. Siku ya mahojiano Hayat alimsubiri nje ya lango la ubalozi huku akimpigia simu. Ikaita, ikaita, kisha ikazimwa. Dakika chache kabla hajaitwa ndani uliingia ujumbe: *Nisamehe. Shakuru ameomba visa ya masomo hapohapo. Wakijua baba yake ni muongo watamunyima. Usitaje jina langu, nakuomba kwa ajili ya mutoto.*

Shakuru alikuwa mwana wa kwanza wa Faruk, kijana wa heshima, aliyekuwa akija Ijumaa kumsomea bibi yake Kurani. Hakuwa na kosa lolote. Hayat aliusoma ujumbe mara mbili. Kumbe Faruk aliujua uchungu wa mtoto kukosa njia. Wa Raihana tu ndio hakuujua.

Ofisa wa visa alimhoji kwa Kifaransa, kwa upole. Aliangalia hati za hospitali ya mama, aliangalia risiti ya ombi la kibali. Kisha akauliza swali ambalo Hayat alikuwa akiliogopa.

"Mwanaume aliyejibu simu ni nani?"

Angeweza kusema hamjui. Angeweza kusema namba iliibwa.

"Ni kaka yangu wa tumbo moja," alisema. "Anaitwa Faruk. Hakutaka niende."

Ofisa aliandika. Hayat aliitazama kalamu ile ikitembea, asijisikie mshindi hata kidogo.

Visa ilikubaliwa baada ya majuma kadhaa. Ya Shakuru haikukataliwa wala haikutolewa. Aliambiwa asubiri, akawa anasubiri. Faruk hakutaka kujua zaidi. Alimtuma mkewe, aje asimame mlangoni bila kuingia, atoe ujumbe: kuanzia leo Hayat asimwite kaka. Na kwa kuwa mgonjwa alihitaji mtu, Faruk alilazimika kumwajiri binti mmoja kutoka Buterere, Jovithe, mpole na mwenye nguvu. Mtu wa kumwosha mama, ambaye ilisemekana hapatikani, alipatikana kwa siku mbili.

Asubuhi ya safari Hayat alimwosha mama yake mara ya mwisho. Alimwosha taratibu, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya mguu usiohisi. Alimvika kanga safi, akamwegemeza kwenye mito, akapiga magoti.

"Mama, naenda. Nipe radhi."

Bi Mwanasiti aliutazama ukuta. Mkono wake mzima ulisogea kidogo juu ya shuka, ukasimama.

Teksi ilipiga honi barabarani. Hayat alingoja mpaka ilipopiga mara ya pili, akainuka, akachukua sanduku lake. Alipofika kizingitini ndipo aliposikia sauti ya mama nyuma yake, kavu, kama inayosema na mpita njia.

"Funga mulango. Vumbi inaingia."

Akaufunga.