Jino Lililorukwa

Siku ya tatu hiyo, fundi funguo anatembea na karatasi ya hospitali mfukoni. Daktari alikuwa amemweleza taratibu: kwenye kromosomu Y, ile ambayo mwanamume huipata kwa baba yake, kipande kidogo hakipo. Ndiyo maana mbegu zake za uzazi hazionekani.

"Lakini baba yangu alizaa saba!" fundi alibisha.

"Baba yako huenda alikuwa mzima. Kipande kinaweza kupotea wakati wa kunakili."

Fundi alilijua neno hilo vizuri. Kunakili ndiyo kazi yake, aliyorithi kwa marehemu baba yake.

Leo mama yake aliingia kibandani na chupa nyingine ya dawa chungu. Mkewe, aliyekuwa juu ya ngazi akitundika funguo kwenye misumari, akaugeukia ukuta. Miaka sita kapimwa yeye, kanyweshwa yeye, kasemwa yeye. Asubuhi alimwambia mumewe: "Usiposema wewe, mimi sisemi. Ila kikombe kingine sipokei."

"Mkwe, kunywa hii," mama alisema. "Ikishindikana, mwanangu, utafute mke mwingine. Ukoo wetu hauna mgumba."

 Fundi akaubana ufunguo mzima kwenye mashine ya kunakilia, na pembeni yake mwingine ambao haujachongwa. Mashine ikalia. Katikati akaulegeza mkono makusudi, kosa alilolikwepa maisha yake yote. Akampa mama funguo zote mbili, pamoja na kufuli.

Wa kwanza ukafungua. Wa pili ukagoma.

"Umeruka jino," mama alisema papo hapo. Hakuwa mke wa fundi funguo bure. "Mbona ovyo leo?"

"Ndivyo nilivyo, mama. Tatizo si mke wangu, ni mimi. Baba mzima, wewe mzima. Niliponakiliwa mimi, mashine iliteleza."

Mama aliupapasa ufunguo kwa kidole gumba.

"Ukiupiga tupa kidogo, uchongeke?"

"Hili halichongeki. Ila daktari anasema kwa wenye pengo kama langu, mara nyingi mbegu chache huwa zimo ndani ya korodani. Wanazitafuta kwa upasuaji mdogo, wanaziunganisha na yai maabarani. Jumanne naingia."

"Na mtoto?"

"Wa kike hatakuwa na pengo hili. Wa kiume atalirithi, lakini yeye ataambiwa mapema. Hatapoteza miaka sita akimlaumu mtu."

Mama aliifungua chupa, akanusa, akakunja uso.

"Na hii takataka, mkwe, umeinywa miaka yote?"

"Mitatu ya kwanza, mama," mkwe alijibu bila kugeuka. "Baadaye nilimwagilia maua."

"Kumbe ndiyo maana yalikauka!"

Fundi ndiye aliyecheka kwanza. Mama aliutia ule ufunguo mbovu kwenye mkoba wake.

"Jumanne nakuja nao hospitalini. Mkwe wangu, nimekukosea sana. Utaniruhusu nikae nawe tumsubiri?"

 Mkwe alishuka kwenye ngazi, akavuta kiti cha wateja, akakipangusa vumbi la chuma kwa kiganja, akamwekea.