Mahali pa Kumtembeza Shaba

Mkulima wa mpunga aliinuka kutoka kwenye maji, mundu mkononi, na Gaster Isiko alijibiwa hata kabla hajasalimia.

"Hapana, mzee. Na hiyo mbwa, hapana."

"Tunapita tu juu ya ukingo, bwana. Hatukanyagi kitu."

"Hiyo mbwa mimi najua. Rudi."

Gaster akageuka. Shaba alichelewa kidogo, pua yake ikiwa juu ya matope ya bonde la Namatala, maana mbwa aliyefundishwa kunusa hapendi kuacha mahali bila kujua ni nani waliopita. Kisha akamfuata bwana wake akichechemea, kichwa sambamba na goti la kushoto, kama alivyozoea. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Walikuwa wamebakiwa na siku moja.

Mwaka huo wa 1997 kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia kwenye vitongoji vya Mbale, na Masaba, mwenyekiti wa mtaa wao wa Malukhu, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba Jumamosi watakuja watu wenye bunduki kuwamaliza mbwa wanaozurura. Shaba hakuwa mzururaji. Alikuwa na sindano zake zote, alikuwa na cheti, na nyuma yake kulikuwa na miaka minane ya kazi ya polisi. Shida ni kwamba mbwa wa kazi hakai kwenye kamba kutwa nzima. Tangu udogo wake kule Jinja, ambako Gaster alimfundisha kwenye nyasi za Kimaka na kando ya mto Nile, hakuna asubuhi iliyopita bila matembezi marefu. Sasa katikati ya mji hapakuwa na pa kutembea. Wiki iliyopita alikata kamba mara mbili, na mara ya pili aliingia uani mwa msikiti akalala juu ya mikeka.

Twaibah, jirani aliyeuza mandazi mbele ya nyumba yake, hakumfokea Gaster. Alikuja mlangoni na bakuli la mandazi, kama anayekuja kutoa pole, akasema, "Bwana Isiko, mimi sina ubaya na mnyama yako. Lakini wazee wamefua mikeka yote, na wamekasirika. Tafutia yeye mahali ya kutembea, mbali na watu."

Masaba alisema hivyo hivyo, ila yeye aliweka na sharti. "Pata mwenye shamba ama mwenye njia, akubali mbwa ipite kwake kila siku. Uniletee jina yake, niandike. Bila jina, afande, Jumamosi siwezi kuzuia hao watu."

Basi askari mstaafu aliyekuwa ameingia kwenye maboma ya watu kwa miaka mingi bila kubisha hodi, akawa anazunguka kofia mkononi akiomba njia. Jumanne alikwenda Nakaloke. Wauza nyanya walipomwona Shaba walianza kufunga mizigo yao, na mmoja akaokota jiwe. Jumatano alifika karibu na Busiu, kwa mwenye shamba la mikaratusi, mtu mpole aliyekwisha kukubali kwa kichwa. Ndipo Gaster akamwambia Shaba, "Kaa chini." Yule mtu akasikia Kiswahili cha amri, lugha iliyokuwa ikimjia zamani pamoja na viatu vya askari, na uso wake ukafungika. Gaster alijua kosa lake hapo hapo. Angefanyaje, naye Shaba hakujua lugha nyingine?

Alimpenda mbwa yule, na hilo halikuwa siri. Mkewe alikuwa amekufa, dada yake Janepher kule Jinja alikuwa na chumba kimoja na watoto watano. Desturi ya kikosi ilikuwa kwamba mbwa akichakaa, askari wake mwenyewe humpiga risasi. Gaster aliombwa afanye hivyo, akaomba badala yake astaafu, na mbwa awe wake. Walicheka, wakampa.

Njia ilikuwapo moja tu iliyobaki, na alikuwa ameijua tangu siku ya kwanza. Ilipanda mlima Wanale nyuma ya shamba la mama mmoja aitwaye Nasimiyu, ikapita kwenye kahawa na migomba, ikaingia msituni mahali ambapo maji yalishuka kwenye mwamba mrefu na ukungu wake ukilowesha majani mchana kutwa. Huko msituni hapakuwa na watu, hapakuwa na mikeka ya mtu. Kwa mbwa mzee ilikuwa pepo. Gaster aliijua kwa sababu aliwahi kufika pale ilipoanzia, miaka minne nyuma, Shaba akiwa mbele na polisi watano wakiwa nyuma.

Siku hiyo ghala la kahawa lilikuwa limevunjwa, na kwenye matope kulikuwa na nyayo za mabuti ya mpira. Shaba alinusa, akawapeleka moja kwa moja hadi mlangoni kwa Nasimiyu. Mabuti yalikuwapo pale, yakiwa bado na tope. Ila upande ule msimu wa kahawa una mazoea yake: jozi moja hutumiwa na maboma manne, anayekwenda kuosha kahawa huyavaa, kisha huyarudisha mlangoni alikoyatoa. Wenyeji wote walijua hivyo. Gaster, mtu wa Jinja, hakujua. Lakini Shaba alijua kwa pua. Aliyanusa mabuti, akayaacha, akavuta kamba kuelekea juu. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Inspekta akauliza, "Imefika?" Gaster akafupisha kamba, akamkalisha mbwa, na mbwa akikaa maana yake safari imekwisha. "Imefika, afande." Ndani alikuwa amelala Arnold, mtoto wa pekee wa Nasimiyu, miaka kumi na tisa. Walimkamata, akafa rumande kwa kuhara damu, kesi yake haijasomwa.

Ijumaa asubuhi Gaster alisimama kwenye mpaka wa boma lile. Nasimiyu alikuwa ameketi kando ya mkeka akichambua malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, akitupa yaliyooza. Alimtazama mbwa kwanza, kisha mtu.

"Afande," alisema. "Umezeeka."

"Ndiyo, mama Arnold."

"Na yeye amezeeka."

"Yeye zaidi yangu."

Akamweleza haja yake, habari ya Jumamosi na ya jina linalotakiwa na Masaba. Nasimiyu aliendelea kuchambua hadi akamaliza fungu moja.

"Miaka ine mimi nachukia hii mbwa," alisema. "Nasikia mbwa inalia huko chini, nasema ni yeye. Kesho wanapiga yeye?"

"Kesho."

"Basi wapige. Yeye ndiye alileta nyinyi kwangu."

Gaster angeweza kuondoka. Maneno yale yalimpa ruhusa ya kunyamaza kama alivyonyamaza miaka yote, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Alimtazama Shaba, aliyekwisha kulala chini na kupumzisha taya juu ya kiatu chake, akaona haya.

"Mama, hakukosa yeye," alisema. "Alinusa mabuti akataka kuendelea. Alivuta kwenda juu. Mimi nilikalisha yeye hapo mlangoni, nikasema imefika."

Mikono ya Nasimiyu ilisimama.

"Kwa nini?"

"Mvua. Nilikuwa nimechoka." Alisikia jinsi jibu lilivyokuwa dogo, na hakuwa na kubwa zaidi la kumpa.

"Alivuta kwenda wapi?"

Gaster akanyoosha kidole kuelekea kwenye maboma ya juu, karibu na msitu. Nasimiyu alitazama huko. Bila shaka alimjua aliyekuwa akikaa huko na aliyekuwa akiazima mabuti, lakini hakutaja jina, wala Gaster hakuuliza. Machozi yalimtoka mama yule bila sauti, akayaacha yashuke.

"Mwambie Masaba aandike mimi," alisema mwishowe. "Nasimiyu. Mbwa apite. Kila siku, mpaka kifo yake. Wewe hapana. Unaleta yeye asubuhi, unangoja hapo nje umesimama. Mguu yako isiingie kwangu tena."

"Hasikii mtu mwingine, mama. Na anajua amri za Kiswahili tu."

"Kiswahili najua. Nilipata kidogo kule mpaka ya Lwakhakha nikiuza vitunguu. Ingine nilipata hapa mlangoni, ile siku yenu."

Akainuka, akaja hadi mpakani, akanyoosha mkono. Gaster akampa kamba. Shaba hakusogea. Alimtazama bwana wake, akamtazama mwanamke, akakaa palepale.

"Nenda," Gaster alimwambia. Ilimbidi arudie.

Mbwa akaenda. Walipanda polepole katikati ya kahawa, wote wawili wakiwa na miguu mibovu, na Nasimiyu hakuivuta kamba. Karibu na migomba ya mwisho alisema neno, Gaster hakulisikia. Shaba akainua masikio. Kisha majani yakawafunika.

Gaster akabaki amesimama kama alivyoagizwa. Kuku wawili wakatoka nyuma ya jiko, wakapanda mkekani, wakaanza kuparura malewa na kuyatawanya mavumbini. Alipiga makofi, hawakujali. Akainua mguu, akaurudisha mahali pake. Akainama akaokota bonge la udongo upande wake wa mpaka, akarusha, akakosa, akainama tena.