Kipande Changu cha Malisho ya Umma

Mimi siombi ruhusa kwa mtu. Ulizeni kijiji kizima. Juzi nilitangaza kwa kinyozi, mbele ya watu: kibali cha kuwinda kanga ninacho mfukoni, ranchi ni mali ya umma, kwa hiyo nitakatiza kwenye kitalu alichokodi humo Mzee Katabaro kulishia ng'ombe wake, na wala simpigii hodi. Bibi yangu hajala siku ya tatu leo. Anasema kitakachopita kooni mwake ni mchuzi wa kanga tu. Basi.

Ndipo jana usiku, usingizini, nikajikuta mbele ya lango la kitalu. Lango likakohoa.

"Unakwenda wapi, Mujuni?"

"Ndani. Ardhi ya umma hii."

"Na wewe ni umma?"

"Mmoja wao."

"Vizuri. Subiri upimiwe chako."

Mara tumo darasani, kidato cha tatu, na ng'ombe mwenye miwani anapima sakafu kwa rula. Sakafu imeota nyasi. Anagawanya kwa watu wote wa nchi, anafuta, anagawanya tena, kisha anachora duara dogo kama mfuniko wa sufuria.

"Kipande chako hicho. Nyasi ni za Mzee Katabaro, kazikodi. Udongo ni wako. Winda."

Naweka mguu wa kulia. Wa kushoto hauna pa kukaa, naukunja. Kanga wapo kama arobaini, hatua mbili tu nje ya duara langu, wanacheza bao.

"Nyie, sogeeni huku," nasema.

"Kwa nani?" anauliza kanga mmoja mnene, bila kuinua macho.

"Kwangu. Bibi anaumwa."

"Maskini, mpe pole. Na shikamoo yetu iko wapi?"

Nasema shikamoo. Wapi! Kila mmoja anataka yake. Naamkia kanga arobaini kwa mguu mmoja, gobore kwapani.

"Marahaba, mwanangu," anasema wa mwisho. "Sisi tungekuja, ila aliyekodi hajasema ndiyo. Mwombe."

"Siombi."

"Haya, simama."

Nasimama. Mvua inanyesha, jua linawaka, mtihani wa taifa unapita. Nahamishia gobore kwapa la pili. Kule mbali namwona Bibi ameshika bakuli tupu, ananipungia mkono.

"Mzee Katabaro!" napiga ukelele. "Hodi! Nakuomba, baba yangu! Nakubembeleza, nipishe!"

"Karibu," ikajibiwa, jirani kabisa na sikio.

Nikafumbua macho. Kumekucha. Mzee Katabaro mwenyewe ameketi ukingoni mwa kitanda changu, kofia magotini. Alikuja kumjulia hali Bibi, na Bibi kajiegemeza mlangoni anacheka, sijui nguvu kazitoa wapi.

"Shikamoo zote zile ulikuwa unampa nani?" akauliza Bibi. "Nimechoka kuitikia."

Nikavuta shuka nijifunike uso, miguu ikabaki nje. Wa kulia umejaa mbegu za kishonanguo, gugu la malishoni, mpaka gotini. Wa kushoto safi.

Mzee akachomoa mbegu moja, akaitazama sana.

"Wewe pita tu, mwanangu," akasema. "Ila leo njoo na miguu yote miwili."