Shamba Hutolewa kwa Miguu

Mokami hakuogopa kifo cha mumewe. Watu walidhani ndicho anachokiogopa, wakampa pole njiani, naye akaitikia. Alichoogopa ni kwamba mzee angekufa akiwa amelala.

Kisyeri alikuwa ameugua kifua tangu mavuno ya mtama, na mwaka ule wa 1954 pale Kewanja hakuna aliyetazamia kwamba angefika mvua za vuli. Mke wake wa kwanza alikwisha kufa, akaacha mwana mmoja, Nikodemo, mtu mzima mwenye mji wake na ng'ombe wake. Mokami alikuwa mke wa pili. Yeye Mungu alimjalia mabinti watupu, Nyangi na wadogo zake, wakaolewa wote, na ng'ombe wa mahari yao akawatumia kumwoa Esta. Msishangae. Kwetu Wakurya mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa msichana aje azae kwa jina la nyumba yake, na Esta wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka.

Lakini mtoto aliye tumboni hana mdomo wa kudai shamba. Mzee akifa kimya, shamba la mtoni, ambalo Mokami alililima tangu alipoolewa, lingekwenda kwa Nikodemo. Akibisha, wangepelekana kwenye baraza la mtemi. Jirani yake Philomena alipelekwa huko na mashemeji zake. Kila akifika anaambiwa arudi na shahidi mwingine, hadi mashahidi wenyewe wakaanza kufa. Mwisho alirudi kwa wazazi wake na chungu kimoja kichwani.

Njia ya kukwepa hayo yote ilikuwepo. Katika ukoo wa Kisyeri mtu aliweza kuitoa ardhi yake angali hai, mbele ya wazee, na akishaitoa hakuna baraza linalouliza kitu. Hulizunguka shamba kwa miguu yake, akapanda kila pembe kijiti cha mnyaa, mti wa utomvu mweupe unaopandwa mipakani, kisha akataja nyumba anayoipa. Ila asiguswe na mtu mpaka amalize. "Anayeshikwa mkono hatoi, ananyang'anywa," ndivyo walivyosema wazee. Na jambo hilo halirudiwi, maana kuzunguka mara mbili ni kukiita kifo kije na wenzake.

Mnaona ujinga wetu ulipo? Mzima hataki kuzunguka kwa kuwa anaona anajichimbia kaburi, na mgonjwa hawezi. Miaka yote Mokami alipoanza tu, "Baba Nyangi, lile shamba...", mumewe alimkata kauli: "Unataka nife leo au kesho?" Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sasa ukuta wenyewe ulikuwa unamwelemea mama wa watu. Usingizi ulimruka. Mzee akikohoa alishtuka, mzee akiacha kukohoa alishtuka zaidi, akaenda kumwekea kiganja puani.

Asubuhi moja Kisyeri mwenyewe akasema, "Waite wazee."

Mokami alikimbia hata akasahau kujifunga kitambaa kichwani. Wazee wakaja watatu, mkubwa wao Simioni, mfupi mwenye maneno machache na makali. Nikodemo naye akaja. Hakuna aliyemwita, lakini habari kama hizo zina miguu.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Mokami kwa adabu zote.

"Marahaba," akajibu Mokami.

Walifika shambani jua likiwa bado changa. Kisyeri alikuwa na vijiti vinne vya mnyaa kwapani, na mkononi fimbo yake.

"Fimbo inaruhusiwa?" Nikodemo akauliza.

"Fimbo ni ya ukoo gani?" Simioni akamjibu. Wazee wakacheka.

Pembe ya kwanza mzee aliifikia vizuri. Ya pili akaifikia akihema. Wazee walitangulia mbele, Nikodemo akifuata nyuma ya baba yake, na Mokami akitembea kando, ndani ya mpaka, macho yake kwenye magoti ya mumewe. Yalikuwa yanatetemeka. Kila hatua aliiona kama ndiyo ya mwisho, akajikuta anamwomba Mungu wa misheni na mizimu ya kina Kisyeri kwa pamoja, yeyote aliye karibu.

Kwenye pembe ya tatu kikohozi kikamkamata mzee, akainama kwenye fimbo mpaka mate yenye damu yakadondoka kwenye majani.

"Baba, nikushike?" Nikodemo akasema, akinyoosha mkono.

"Usimguse!" Mokami alipiga ukelele uliorusha ndege mtoni.

Nikodemo akageuka. Macho yake yalikuwa na machozi. "Mama, huyu ni baba yangu."

Mokami hakujua kama yale yalikuwa machozi ya huruma au ya hila. Hofu ilikuwa imemjaa mno asiweze kupambanua. Akasimama katikati yao mpaka Nikodemo akaurudisha mkono. Mzee akapanda mnyaa wa tatu, akajinyoosha, wakaendelea.

Ilibaki pembe moja tu, kwenye mteremko wa mawe. Hapo Kisyeri alisimama. Fimbo ikamponyoka ikaviringika chini, naye hakuweza kuinama kuiokota. Akageuza uso kumtafuta mkewe, na Mokami akaona kwamba mzee hakuwa tena na habari ya shamba, wala wazee, wala nyumba. Alikuwa mtu anayeanguka.

"Mama Nyangi," akasema. "Nipe mkono."

Mokami aliingiza mikono yote miwili ndani ya kanga, akaikaza tumboni.

"Tembea, Baba Nyangi. Ni pale tu."

"Nipe mkono, mwanamke. Naanguka."

"Tembea."

Simioni alikuwa amesimama akiangalia. Mokami alikuwa akilia kwa sauti, lakini mikono hakuitoa. Kisyeri akamtazama kwa muda, kisha akageuka. Akashuka yale mawe akiyumba, akapiga magoti penye pembe, akakichomeka kijiti.

"Nyumba ya Mokami," akasema, akaanguka kifudifudi.

"Limetoka," akasema Simioni. "Sasa mshikeni."

Aliyemwinua ni Nikodemo. Alimbeba baba yake mgongoni mpaka nyumbani, akilia waziwazi.

Mokami alipika uji wa ulezi, akaupeleka kitandani kwenye kibuyu. Mzee alikuwa macho. Akageuza uso ukutani. Esta alipokichukua kibuyu akamwekea mdomoni, akanywa. Mokami akautafuta mkono wa mumewe juu ya blanketi, akaushika, ukiwa bado na udongo wa shambani. Kisyeri akauvuta taratibu, akauingiza ndani ya blanketi.

Alikufa siku hiyo hiyo, kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni, Esta akiwa peke yake naye, maana Mokami alikuwa ameshindwa kukaa mle ndani.

Nikodemo hakwenda barazani. Baada ya maziko alimfuata Mokami, akasema mbele ya watu, "Shamba ni lako, mama, mimi sina neno." Wanawake wakampongeza Mokami kwa kunong'ona. Yeye aliwapita wote, akamvuta Esta nyuma ya ghala.

"Alisema nini juu yangu?"

"Hakusema kitu, mama."

"Hata neno? Hakunilaani?"

"Hakusema kitu."

Mokami akakaa chini. Laana iliyosemwa ina dawa. Wazee huichinjia mbuzi, wakaitaja neno kwa neno, ikaondoka. Lakini mtu aliyekwenda na kimya chake, mbuzi wake anachinjiwa neno gani? Na mtoto wa Esta angezaliwa juu ya shamba hilo hilo.

"Fikiri vizuri, mwanangu," akasema. "Labda alisema, hukusikia."

Esta akafikiri, akatikisa kichwa.