Kidole Kwenye Tofali la Kanali

Verdelle Crump alikuwa na dakika tatu, sawa na kila mjumbe, na Bi Winifred Stokes, katibu, alikuwa ameshageuza kisaa chake cha mchanga cha kuchemshia mayai. Dakika tatu za kueleza kwa nini binti yake asiwe kindi.

"Odessa ana miaka tisa," alisema Verdelle. "Wiki nzima amekariri maneno yake ya mchezo wa kuigiza. 'Mimi ni Sukey, mtumwa wa Kanali Pettibone, na matofali ya mahakama hii niliyafyatua mimi.' Basi, hayo tu. Jana karudi nyumbani na mkia. Nani kampa mwanangu mkia?"

Wajumbe wenzake wanne wa kamati ya Siku ya Mwanzilishi waliinamia sahani zao. Katika mji ule wa Virginia hakuna aliyewahi kujadili jambo zito bila saladi ya viazi mbele yake, na leo zilikuwepo tatu.

"Kindi ana sehemu nzuri," alisema Bi Winifred. "Anapita jukwaani mara mbili."

"Anasema nini?"

"Kindi hasemi, Verdelle mpenzi."

"Ndiyo maana nauliza."

Mwenyekiti, Bwana Thaddeus Pettibone, alijifuta midomo. Alikuwa jitu la mtu, kilembwekeza wa Kanali mwenyewe aliyeuanzisha mji, na kila mwaka ndiye aliyevaa nywele za bandia akawa Kanali mbele ya mji mzima.

"Hakuna anayekataa kwamba Kanali alikuwa na... wasaidizi," alisema.

"Wasaidizi." Verdelle aliweka uma chini. "Likizo yao ilikuwa siku ngapi?"

"Mama Odessa, siku ya kuzaliwa kwa mji si siku ya kununiana. Kanali aliyafyatua matofali yale kwa mikono yake. Alama za vidole vyake si zile pale mlangoni? Kila anayeoa au kuolewa hapa huzishika apate bahati. Hata mimi nilizishika."

"Na umeachika mara mbili," alisema Riddick, kocha wa mpira, huku akitafuna.

Mchungaji Tull alikohoa kuficha kicheko. Yeye na Verdelle walikuwa wamepiga kura Odessa aseme maneno yake. Bi Winifred na kocha walimpigia kindi kura. Wawili kwa wawili. Ilibaki ya mwenyekiti, na mwenyekiti alishajaza mashavu pumzi, tayari kutoa kura yake.

Kazi ya Verdelle ilikuwa kusafisha meno ya watu, kwa hiyo alizoea kuwaambia wakubwa ukweli wakiwa wameachama.

"Bwana Pettibone, kila mwaka unatuambia umerithi mikono ya Kanali."

"Nimeirithi. Kama makoleo!"

"Basi twende nje ukaiweke kwenye zile alama. Ikitosha, mtoto wangu atakuwa kindi, na mkia nitaushona upya uwe mrefu zaidi."

"Kutoka nje kunahitaji mtu wa kuunga mkono hoja," alisema Bi Winifred.

"Naunga mkono," alisema kocha. Gari lake lilikuwa huko nje.

Tofali lenyewe lilikuwa kando ya mlango wa mahakama, usawa wa kifua. Lilikuwa na alama tano za mkono mmoja: vibonyeo vinne vya vidole, na tundu la dole gumba ambalo mvua na maharusi walikuwa wamelichimba miaka nenda miaka rudi. Bwana Pettibone aliweka vidole viwili tu, vikafunika alama zote nne.

"Tofali limesinyaa," alisema. "Matofali husinyaa yakichomwa. Ulizeni fundi yeyote."

"Na Kanali alisinyaa nalo?"

"Subiri wewe!" Akachukua kidole chake cha mwisho, kile kidogo, akakisukumiza kwenye tundu la gumba. Kiliingia mpaka kwenye fundo. Akatabasamu, akamgeukia Verdelle ili amcheke.

Akavuta. Akavuta tena. Tabasamu likapungua.

"Sasa kikao kinaendeshwa na nani?" Bi Winifred aliuliza, kalamu mkononi. "Kanuni zinataka mwenyekiti awepo."

"Si nipo!"

"Yupo kabisa," alisema Verdelle. "Haendi popote."

"Nina nyundo na patasi garini," alisema kocha.

"Asiguse mtu tofali la Kanali!"

Watoto waliokuwa wakifanya mazoezi uwanjani walikuja mbio kuona, Odessa akiwa mbele, mkia ukimburuzikia nyuma. Verdelle alimtuma alete bakuli la saladi kutoka ndani.

"Lipi, mama?"

"Lenye mayonezi nyingi zaidi. La Bi Winifred."

"Saladi yangu ina haradali!" alilia Bi Winifred.

"Haradali haitamuua."

Verdelle alipaka, lakini kidole chake hakikupenya kati ya kidole cha mwenyekiti na tofali. Cha Odessa kilipenya. Mtoto alikipitisha polepole, akiizungusha mayonezi ndani. "Tulia," alimwambia mwenyekiti, kama mama yake anavyowaambia wagonjwa. "Usivute. Pumua kwa pua."

Kidole kikachomoka kwa mlio ambao watoto waliufurahia sana. Kilikuwa chekundu kama soseji.

Odessa alibaki akilifuta tundu kwa kiganja. Kisha gumba lake likaingia, vidole vinne vikalala kwenye vibonyeo vyao, kimoja kimoja, bila kubaki nafasi. Kocha aliacha kutafuna.

"Vimenitosha," alisema Odessa. "Mama, ndani kuna baridi."

Bwana Pettibone aliutazama ule mkono. "Bibi yangu aliniambia ni vya Kanali," alisema taratibu.

"Najua," alisema Verdelle. "Bibi yangu naye aliniambia ni vya Sukey, akiwa mtoto. Ila wangu aliandika kwenye Biblia ya ukoo."

Mwenyekiti alinyoosha mkono wenye mayonezi, na kipande cha kiazi kikamdondokea begani. "Anayetaka mtoto aseme maneno yake, anyooshe."

Mchungaji alinyoosha, Verdelle akanyoosha. Kocha alinyoosha kwa sababu nyumbani kulikuwa na mechi kwenye televisheni. Bi Winifred alitazama kushoto na kulia, akanyoosha kalamu.

"Pamoja na lile neno mtumwa?" aliuliza.

"Yote. Andika, Winifred."

Odessa alikuwa bado anafikiri, mkono ukutani. "Sasa Kanali yeye alifanya nini?"

Bwana Pettibone alijifuta mayonezi kidoleni. Aliwageukia wajumbe.

"Alikuwa na farasi," alisema mwishowe.

"Na Sukey," alisema Verdelle.

"Alikuwa na farasi," alirudia mwenyekiti, na sauti ikamshuka, "na Sukey."

"Basi useme hivyo jukwaani Jumamosi," Odessa alimshauri. "Lakini usinong'one. Watu wa nyuma hawatasikia."